Bunduki ya Gaspari na Ulimi Wangu

Otmari mwanangu,

Umekwenda Mapera kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia mpaka umalize kuku mzima, kwa hiyo mchana wote wa leo ni wangu. Nimekaa mlangoni penye mwanga, na daftari lako la zamani lililobaki kurasa chache. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu masista walitufundisha kuandika kwa Kiswahili. Kimatengo nakisema tu. Na haya ya leo, kama ningeweza kuyasema kwa mdomo, ningekuwa nimeyasema miaka kumi iliyopita.

Habari za kufua mashati na kusali jioni sikuandikii. Unazijua, na usipozifuata mimi sitakuwepo kuona. Nataka kukuambia kwa nini Gaspari anaishi Mbamba Bay wakati mke wake Klara anaishi hapa, hatua mia moja kutoka mlango wetu.

Umekua ukisikia kwamba alinyang'anywa bunduki kwa kuua mnyama wa serikali, akaona aibu, akashuka ziwani. Keshokutwa utalala kwake ukisubiri meli. Utakula samaki wake, naye atakuuliza, "Mama hajambo?" Sipendi umjibu hali hujui unamjibu nani.

Baba yako aliondoka kwenda Tanga kwenye mkonge ukiwa hujaota meno. Alisema miaka miwili. Amerudi mara mbili, na mara zote mbili alikaa kama mgeni, akisifia uji. Simsemi vibaya. Nakueleza tu kwamba nilibaki na mteremko huu, mimi na jembe, na wewe mgongoni.

Na mteremko huu ulikuwa na fuko. Sasa wako wachache, huwezi kujua ilivyokuwa. Asubuhi ungekuta vichuguu vya udongo mbichi vimepangana shambani kama vile mtu amepita usiku akimwaga vikapu. Viazi vimeliwa kutoka chini, majani yake bado mabichi juu. Mche wa kahawa unausukuma kwa kidole unaanguka, hauna mizizi. Lakini kibaya kuliko vyote ni wanachofanya kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya matuta mteremkoni. Umelima ngolo, unajua shimo moja linavyoshikilia maji ya mvua ili yasiliangukie shimo la chini yake. Fuko akitoboa tuta moja, maji yanapata njia, tuta linapasuka, la pili linapasuka, na mvua moja tu inakupelekea udongo wa miaka mingi mtoni. Nimewahi kusimama pale kwenye mparachichi nikatazama matuta yangu kumi na moja yakiondoka hivyo, na sikuwa na la kufanya zaidi ya kukushika usiteleze.

Nilitega. Mwanamke kutega fuko lilikuwa jambo la kuchekesha wakati ule, lakini nilijifunza kukunja kijiti na kufunga kamba. Nilikuwa nakamata mmoja kwa wiki, na wao wanazaana.

Ndipo Gaspari akarudi kutoka vitani Burma. Wewe ulikuwa na miaka mitano hivi. Chama cha wakulima wa kahawa kilikuwa kinatafuta mtu wa kupambana na fuko na panya buku, na Bwana Shamba akasema apewe askari aliyezoea silaha. Wakampa bunduki mbili. Moja ya upepo, ile unayoivunja katikati, unatia kirisasi kama punje ya mtama, unaifunga. Haina baruti na mlio wake ni kama mtu aliyepiga kofi. Nyingine bunduki ndogo ya risasi, kwa ajili ya nungu wanaotoka mashimoni kule juu kwenye mawe na kuvunja mahindi. Alipewa na karatasi ya Boma: bunduki hizi ni za wanyama waharibifu mashambani tu, haruhusiwi kuwinda, haruhusiwi kumwazima mtu.

Nakumbuka siku ya kwanza alipotuonyesha. Alipasua njia ya fuko kwa jembe, upepo ukaingia ndani, akakaa chini na mdomo wa bunduki shubiri moja kutoka kwenye tundu.

"Fuko hapendi upepo nyumbani kwake," alisema. "Atakuja kuziba. Mkikohoa tu, haji."

Tukakaa, watu wazima ishirini, tukizuia pumzi kama kanisani. Udongo ukatikisika kidogo, kidogo sana. Akafyatua. Alipomvuta yule fuko kwa mkia, meno ya njano nje, wanawake tulipiga vigelegele kama tumeona bibi harusi.

Mwanangu, nilipiga vigelegele na wenzangu, na papo hapo nikamtazama Klara. Alikuwa amesimama nyuma ya mume wake, amemshikia kopo la risasi. Alikuwa hatabasamu hata kidogo. Alikuwa ametulia tu, kama mtu aliyeshiba. Hapo ndipo ilipoanza. Mimi na Klara tulikua pamoja, tulifundishwa katekisimu benchi moja, tuliolewa mwaka mmoja. Sikumwonea wivu wa nguo wala wa nyumba. Nilimwonea wivu wa kule kutulia kwake.

Gaspari alikuwa na utaratibu: anazunguka mashamba kwa zamu, kuanzia juu kushuka chini. Shamba lake liko juu, langu liko chini. Ni kweli kabisa kwamba huo ndio utaratibu wa kawaida, hata maji yanafuata hivyo. Lakini mimi niliona jambo jingine. Niliona kwamba Klara ni wa kwanza na mimi ni wa mwisho. Nilianza kuhesabu siku alizokaa kwa kila mtu. Nilijua kwamba kwa Klara amekaa siku nne, kwa mzee Eriki mbili, kwangu moja na nusu. Nilihesabu vichuguu vya Klara nikienda kisimani na vichuguu vyangu nikirudi. Wivu unampa mtu kazi nyingi, Otmari.

Mwaka ule wa miche, fuko walinimaliza. Nilikwenda kwake asubuhi.

"Shemeji, njoo kwangu leo. Nusu ya miche imelala."

Alikuwa anasafisha bunduki kwa kitambaa. "Mama Otmari, zamu yako ni wiki ijayo. Nikiruka watu watasema."

"Watasema nini?"

Akainamisha kichwa. Alijua watasema nini, mimi mwanamke ambaye mume wake yuko Tanga. Alikuwa ananilindia jina langu. Leo naliona hilo. Siku ile niliona tu Klara akitoka ndani na uji, akampa mume wake, akaniambia, "Karibu uji, dada," na nikasema nimekunywa, na sikuwa nimekunywa.

Na kulikuwa na wewe. Ulikuwa unamfuata Gaspari kila anakokwenda. Klara hakujaliwa mtoto, kwa hiyo pale kwao ulikuwa mfalme. Jioni moja nilikuja kukuchukua, nikakukuta umekaa kati ya magoti yake, anakufundisha kufumba jicho moja. Ukaniona, ukasema, "Mama, subiri kidogo, mimi na baba hatujamaliza."

Nilikuvuta kwa mkono mpaka nyumbani, nikakupiga na mwiko. Ulidhani nimekupiga kwa kuchelewa, na ukaniomba msamaha wa kuchelewa. Nimekaa na msamaha ule miaka yote hii. Haukuwa wangu. Nakurudishia leo.

Wiki ile ile nilikwenda kwa jumbe.

Nisikudanganye kwamba nilikwenda kwa hasira, kwamba sikujua ninachofanya. Nilioga. Nilivaa kitenge cha Jumapili. Njiani nilipanga maneno. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimesikia harufu ya nyama nyumbani kwa Klara, naye mwenyewe alikuwa ameniambia ni kanga aliyenaswa na kamba shambani. Nilimwambia jumbe kwamba nimesikia mlio wa bunduki ndogo upande wa msitu, na jioni yake nikaona ngozi ya pongo, mnyama wa serikali, nyuma ya nyumba ya Gaspari.

Jumbe alinitazama. "Umeiona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Utasema barazani?"

"Jumbe, mimi niko peke yangu. Usinitaje."

Akakubali kwa sababu alinionea huruma. Unaona jinsi upweke wangu ulivyonifaa siku ile.

Tarishi wa Boma alikuja na askari mmoja. Hawakukuta ngozi. Lakini walihesabu risasi na kukuta tatu hazijulikani zilikokwenda, na Gaspari akasema alizipiga hewani kuwafukuza nguruwe kwenye shamba la mzee Eriki, ambaye mwezi ule alikuwa amekwisha kufa. Hakukuwa na wa kumshuhudia. Walimwita barazani mbele ya watu, wakamwamuru aziweke bunduki zote mbili chini. Aliziweka taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akauliza, "Naomba nimjue aliyeniona." Jumbe akasema kikao kimekwisha.

Mimi nilikuwa mstari wa pili. Nilishika uso wangu usionyeshe kitu.

Hawakumfunga. Lakini vijana walianza kumwita "pongo" akipita, na yeye alikuwa mtu aliyepita vitani bila doa. Mvua zilipokaribia alishuka ziwani kupakia kahawa kwenye meli, akasema atarudi watu wakisahau. Klara anashuka kumwona kila baada ya mavuno, anakaa mwezi, anarudi kwa ajili ya shamba. Gaspari mwenyewe hajapanda mlima huu hata mara moja.

Siku aliyoondoka, Klara alikuja kwangu na jembe lake begani. Macho yamevimba. Akasema, "Haya, dada. Sasa na mimi sina mtu. Tulime pamoja, shamba lako siku moja, langu siku moja."

Nilikuwa nimetaka hasa hilo. Nilitaka awe kama mimi, na Mungu akanisikiliza, akamleta mpaka mlangoni. Nikampikia uji. Alikunywa akilia, nami nikashika bakuli lake lisimwagike.

Miaka minane tumelima hivyo. Unatukumbuka, wewe ulikuwa unaleta maji. Fuko waliongezeka, maana hakuna aliyekubali kuzigusa zile bunduki. Kila mtu alisema zina mkosi. Mteremko wa upande wa marehemu Eriki uliondoka wote mwaka ule wa mvua kubwa, na wajane wake wakarudi kwao Litembo. Huo nao ni mkono wangu. Nilikuwa nikipita pale nageuza uso.

Unaweza kuuliza kwa nini sikusema. Mwanzoni niliogopa Boma. Halafu niliogopa watu. Mwishoni nilimwogopa Klara tu, kwa sababu nilikuwa nimempenda upya, kuliko tulipokuwa wasichana, na nilijua kwamba nampenda kwa mali ya wizi.

Mwaka juzi Bwana Shamba mpya alipokuja, akaona makorongo yale, akauliza bunduki ziko wapi. Akasema ile ya risasi ibaki Boma, lakini ya upepo irudi. Barazani aliuliza nani anaijua. Kisha Klara akasimama.

"Mimi naijua. Mume wangu alinifundisha."

Wanaume walicheka mpaka wengine wakashika miti. Bwana Shamba akaweka kibati ukutani, akamwambia ajaribu. Alipiga mara tatu, na mara ya tatu hakuna aliyecheka. Wewe ulikuwa shuleni, nilikusimulia hilo katika barua na ukafurahi. Sikukusimulia kilichofuata.

Asubuhi yake Klara alikuja na bunduki, akapita moja kwa moja hadi shambani kwangu.

"Mbona huanzii juu?" nikamuuliza.

"Gaspari alikuwa anaanzia juu, na wewe uliumia," akasema. "Nilikuwa naona. Naanzia kwako."

Alipasua njia ya fuko, akalala kifudifudi, mdomo wa bunduki kwenye tundu. Mimi nilikaa upande wa pili. Unajua mtu aliyelala vile hawezi kujigeuza wala kusema, anasubiri. Na mimi ndipo nikasema. Nilisema yote, kwa sauti ndogo, nikitazama tundu. Kitenge cha Jumapili, ngozi ya pongo, macho yangu. Nilikuwa sijamaliza udongo ukatikisika. Niliona kidole chake kwenye chuma. Fuko alisukuma udongo, akasukuma tena, akaziba tundu lote, akaenda zake. Klara hakufyatua.

Akabaki amelala pale pale. Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

Akainuka, akafungua bunduki, akatoa kile kirisasi na kukitia koponi, akakung'uta magoti, akaondoka. Kutoka siku ile mpaka mahindi yalipokauka hakunisalimu. Ulipokuja likizo uliniuliza mbona mama Klara haji, nikakuambia anaumwa meno. Hata hapo nilidanganya.

Alikuja tena siku ya kwanza ya kukata majani ya ngolo. Alisimama pale ulipo mgomba.

"Sijakusamehe," alisema. "Lakini peke yangu siwezi na wewe peke yako huwezi."

Tukakata majani. Karibu na mchana akasema, bila kuniangalia, "Mimi nilikuwa nakuonea wivu mtoto. Nilikuwa nampa uji mzito kwa makusudi asije akala kwako." Nilisema, "Nilijua. Alikuwa anarudi ameshiba." Akacheka kidogo kwa pua, tukaendelea. Usidhani basi tulikumbatiana. Kuna siku mpaka leo ananitazama, naona anahesabu miaka.

Nilimwomba amwambie Gaspari aliposhuka mwaka jana. Alikataa kabisa. Alisema, "Ulimi ulikuwa wako. Mwambie mwenyewe." Nami sikushuka. Nilisema miguu, nikasema kahawa, nikasema wewe unafanya mtihani. Halafu barua ya shule ya ualimu ikaja, na meli inapandwa Mbamba Bay.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine iliyokunjwa. Ni ya Gaspari. Yeye hajui kusoma, utamsomea wewe. Nimeifikiria sana, kwamba nakutwika mzigo ambao si wako, na kwamba sauti atakayoisikia ikimwambia haya itakuwa yako, ambayo aliipenda. Sina njia nyingine ambayo si uoga zaidi. Msomee baada ya kula, si kabla, maana akisikia kabla hatakula, naye ni mtu mzima sasa. Usipunguze neno. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikufukuza, kalale bandarini na usimchukie. Jumbe wa sasa nimekwisha kumwona mwenyewe, jana asubuhi. Amesema atalitangaza barazani jina langu na la Gaspari Jumapili hii baada ya misa. Sitakimbia, na wewe usirudi kwa ajili hiyo. Nakukataza.

Nilikuwa nimekusudia kumaliza hapa. Lakini Klara ameingia sasa hivi. Ameuliza nimefika wapi, nikamsomea yote, naye amesimama amejifunga mikono.

Amesema, "Hujaandika ulivyojisikia barazani, alipoziweka chini."

"Nimeandika nilishika uso."

"Ulishika uso usionyeshe nini?"

Basi naandika. Nilifurahi, Otmari. Nilipomwona ameinama nilifurahi mpaka vidole vikawa vya moto, na furaha ile ilidumu njia nzima ya kurudi nyumbani. Mengine yote nimekuambia kwa shida, lakini hili ndilo nililokuwa naruka. Ukija kuwa mwalimu na ukajikuta siku moja umefurahi namna hiyo kwa kuanguka kwa mwenzako, usiseme si wewe. Ni wewe. Kaa chini kabla hujafanya jambo.

Klara ameniambia na jingine. Kesho anashuka na wewe. Amekwisha kufunga mzigo. Anataka kuwepo ukisoma, amshike mume wake mkono. Anasema asipokubali kurudi huku juu, atabaki naye huko huko ziwani, amechoka kuwa na mume wa mwezi mmoja. Ameniwekea ukutani bunduki ya upepo, aliyokwisha kunifundisha kuitumia, na kopo la risasi, na ameniambia niinuke asubuhi nianzie shamba lake, halafu nishuke kwa wengine.

Kwa hiyo mtakuwa wawili njiani, siku mbili nzima, mkiongea. Mtaliona ziwa pamoja mkifika kwenye ule ukingo. Usiku mtakula watatu chungu kimoja, na asubuhi yake wao wawili ndio watakaosimama pwani kukutazama mpaka meli ipotee, na mimi nitakuwa huku nimelala kifudifudi nikisubiri udongo utikisike. Naona wivu, mwanangu. Sitaufunika kwa neno zuri.

Lakini nimemfungia Klara viazi vya njia, vile vikubwa. Mpokee mzigo wake mkianza kuteremka, magoti yanamsumbua. Nendeni.

Mama yako,
Anastasia